Makoti Matano ya Wakonyo

Leseni ya duka la ushonaji iliyotolewa sokoni Chaka tarehe 3 Februari 1969 ina jina la Wakonyo Mathenge, na mbele ya maneno "jina la mume" karani alipiga mstari mmoja ulionyooka. Wakonyo aliitia leseni ile kwenye fremu akaitundika juu ya cherehani, kwa hiyo kila mteja aliyesimama kupimwa aliuona ule mstari.

Miaka sita baadaye alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, cherehani mbili, na sifa iliyofika Karatina: kwa kola, hapakuwa na wa kumshinda. Ndiyo maana Moffat Kingori, mwimbaji na mpiga gitaa la solo wa bendi ya Gura Jets, alimjia yeye alipotaka makoti matano ya jukwaani. Moffat alikuwa na miaka ishirini na sita na mdomo mtamu. Hakuwa na cha kulipa.

"Nitakutia kwa wimbo," alimwambia. "Jina yako na mahali unatoka. Watu wote wajue."

"Ukweli?"

"Ukweli, Wakonyo. Wewe shona tu."

Katika nyimbo za magitaa za siku zile mwanamke alitajwa kwa jina lake na soko lake, pengine hata kwa jina la baba yake. Mwanamume akikusifu hivyo hadharani, wazee wake walikuwa wameshaanza kutafuta njia ya kwenu. Wakonyo alilijua hilo. Alijua pia kwamba nyimbo hizo hizo ziliwataja wezi wa kuku na wake waliotoroka, ila hilo hakutaka kulikumbuka.

Basi akashona. Vitambaa vilikuwa vya rangi ya damu ya mzee, na kola nyeusi. Alipompima Moffat kifua alirudia mara tatu, akisema futi ya kupimia imelegea. Mwezi wa nne wazee wa Mutahi, mgane mwenye watoto watatu aliyekuwa karani wa kiwanda cha kahawa, walipokuja na ujumbe wao wa posa, aliwapa chai na kuwaambia Mutahi amechelewa kidogo. Walikunywa chai wakaondoka.

Bendi ilichukua makoti, na kwa miezi miwili Moffat hakuonekana. Halafu tangazo likabandikwa: Gura Jets na wageni wao kutoka Kutus, Jumamosi jioni, katika klabu ndogo nyuma ya bucha moja mjini Nyeri. Wakonyo alilitangaza sokoni kuliko tangazo lenyewe. Alijishonea gauni la manjano na kumtaka Zabibu, muuza vitambaa wa Majengo na rafiki yake wa miaka mingi, amsindikize.

"Baridi hii, shoga?" Zabibu alisema. "Tungebaki nyumbani tukapika kitu."

"Nyumbani sitajwi."

Ilikuwa Juni, na ukumbi ulikuwa na ukungu wa pumzi na moshi wa nyama. Wakonyo alichagua meza ya mbele kabisa. Gura Jets walipopanda jukwaani aliyatambua makoti yote kwa kipimo: la mpiga ngoma lenye nafasi mabegani, la mpiga besi lililopunguzwa tumbo. Yalikaa vizuri mno. Walipiga nyimbo mbili za kuchangamsha watu, kisha Moffat akasogelea kipaza sauti, akaligusa gitaa mara tatu tu, wala hakufungua mdomo.

Wanaume wote ukumbini wakainua mikono.

Waliinua pande zote mbili, usawa wa mabega, kama anavyoinua mtu anayepimwa kifua. Wakonyo alitazama nyuma akitabasamu, akidhani ni mchezo mpya wa mjini.

Moffat akaimba, kwa Kigikuyu kisicho na fumbo. Kuna Wakonyo huko Chaka, futi yake haichoki. Akikupima kifua anakupima mara tatu. Amewavisha vijana watano ili apate mmoja, na ukutani kwake serikali imeandika mume wake: mstari. Na ukumbi mzima ukaitikia, "Pima tena, Wakonyo! Pima tena!"

"Uliusikia lini?" Wakonyo aliuliza bila kumtazama rafiki yake.

"Wiki tatu sasa. Soko la Kutus." Zabibu alishika mkoba. "Na Kangema wanaucheza. Nilishindwa kukuambia. Twende zetu."

"Nikitoka sasa watajua ni mimi."

Akakaa. Alikunywa soda yake na kuimaliza. Gura Jets walishuka, wale wa Kutus wakapanda na magitaa yale yale, maana yote yalikuwa ya mwenye klabu, na watu wakapiga meza wakitaka wimbo urudiwe. Wageni waliujua. Mikono ikainuka tena. Karibu na kaunta alisimama mtu mmoja ambaye hakuinua yake: Mutahi, na chupa mkononi. Walitazamana. Mutahi akaweka chupa chini taratibu, akapangusa viganja kwa suruali, akainua mikono.

Ni hapo mtu alipomtambua Wakonyo. "Si ndiye huyu? Gauni ya manjano! Haki ni yeye! Mama, kuja unipime!"

Moffat alimfikia kabla hajapata mlango. Alikuwa anatoa jasho, anacheka kama mtu aliyekutana na jamaa.

"Umeona vile wanakupenda?"

"Toa jina yangu, Moffat."

"Nitoe aje? Jina ndiyo wimbo. Bila Wakonyo hakuna wimbo."

"Wacha hiyo maneno ingine yote. Toa jina tu. Tafadhali."

"Lakini ni wewe uliomba. Si tulielewana?" Aliinua mkono wa kushoto, naye Zabibu akageuza uso. "Ona, kwapa imefumuka. Ni hii kuinua mikono. Unaweza kunirekebishia mbele ya Alhamisi? Tunaenda Nairobi kurekodi."

Wakonyo aliutazama mshono. Ulikuwa wake, hakuna aliyeugusa, na uzi ulikuwa umekatika mahali alipopaswa kupitisha mara mbili.

"Lete Jumatatu," alisema.

Jumatatu koti lililetwa. Aliupitisha uzi kwapani mara mbili, akapiga pasi, akalifunga kwa gazeti. Alhamisi Gura Jets walikwenda Nairobi wakarekodi wimbo, na jina halikuondolewa.