Kitana cha Nuru na Shuka Mlangoni

Jumanne ya pili ya Julai mwaka jana, nilitoka nyumbani kwangu Kitengela nikiwa nimevaa gauni la pamba tupu, bila sweta. Nilikuwa na sababu. Katika maabara ya chuo chetu, mjini Kajiado, ilikuwa imebaki fotodayodi moja tu, kipande kidogo kuliko punje ya mtama, kinachogeuza nuru kuwa umeme kwa kasi ya ajabu. Ikiungua, mradi wangu wa mwisho ungekwisha, na shahada niliyoianza nikiwa mjane mwenye wajukuu ingeniponyoka.

Ya kwanza iliungua wiki iliyotangulia. Mwenzangu wa mradi, kijana wa Kimaasai, aliigusa akiwa amejitanda shuka kwa ajili ya baridi. Shuka za siku hizi ni za nyuzi za kiwandani. Katika upepo mkavu wa Kajiado hukusanya umeme, nao huruka kidoleni kama cheche. Sisi hucheka tukishtuliwa na kitasa. Fotodayodi hufa.

"Iache mlangoni," nikamwambia asubuhi hiyo.

"Mama, hata shuka sasa? Unataka nigande?"

"Ganda. Nimekuja na chai."

"Aki wewe ni mkali kuliko ng'ombe aliyezaa juzi."

Akaivua. Nikajifunga mkononi waya uliounganishwa na ardhi, ili umeme wa mwili ushukie humo, nikachomeka uzi wa kioo ulioleta nuru ya leza. Nuru hiyo ni rangi nyingi zilizopangwa kwa nafasi sawa, kama meno ya kitana, na jicho haliioni. Rangi jirani zikikutana ndani ya fotodayodi, tofauti yao hutoka kama mtetemo wa umeme, mara bilioni ishirini na tano kwa sekunde. Ukiupima mtetemo huo, umepima pengo kati ya jino na jino.

Mwanzoni skrini ya mashine ya kupimia mtetemo ilionyesha kelele tu, kama nyasi fupi. Nikaongeza nuru kidogo kidogo, kwa kuwa nayo ikizidi huunguza. Mara mstari mwembamba ukachomoza katikati ya nyasi zile, ukasimama wima pale pale hesabu yangu ilipoagiza.

Nikapiga kigelegele hadi wanafunzi wa darasa la jirani wakatoka nje. Mimi, niliyeingia sekondari baada ya kumzika mume wangu!

"Mama, jino hilo!" kijana akaruka. "Sasa nichukue shuka?"

"Thubutu! Vipimo ndio kwanza vinaanza."

Akajimiminia chai, akaketi akitetemeka na kucheka, akinisomea namba moja baada ya nyingine.