Kuku wa Mkono Wangu

Naona aibu hata kuwasimulia, lakini bora mnisikie mimi, maana huko nje naambiwa nilikamatwa na polisi (sikukamatwa).

Mnamjua kuku wangu wa rosti, ule mchuzi mzito ulionipa jina mtaa mzima wa Thamesmead, huku ughaibuni. Basi siri yake ni siagi ya karanga, vijiko viwili. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu wapishi wa hapa tunaibiana oda mchana kweupe, na oda ndizo zilizonitoa kwenye kufagia maofisi alfajiri.

Sasa, siku ya sendoff, sherehe ya kumuaga binti wa jirani yangu anayeolewa, nimesimama mezani na kilemba kipya, navimba kichwa kwa sifa, akaja Mama Neema, mteja wangu wa siku nyingi, safari hii na binti yake mdogo.

"Dada, humu umeweka nini? Nauliza kwa sababu..."

Nami kwa kiherehere changu (nyuma yake alikuwepo mpishi mwenzangu, katega masikio) nikamkatiza, "Nyanya, vitunguu na mkono wangu tu! Siri ya jiko haiulizwi, shoga!" Watu wakacheka. Naye akacheka, akampakulia mtoto, maana aliniamini.

Haikuchukua muda, Neema akaanza kujikuna midomo, mara midomo imevimba, mara anahema kwa shida. Mama yake akatoa sindano ya mzio mkobani, akamchoma pajani, huku anapiga kelele, "Kuna karanga humu?"

"Zipo," nikajibu chini chini.

"Sema usikike!"

Emsii wa sherehe naye akazima muziki wakati huohuo (jamani!), nikabaki napayuka kwenye ukumbi uliokaa kimya, "Kuku ana karanga! Nimeweka karanga!" Watu wakaanza kuweka sahani chini, meza baada ya meza, hata bibi harusi.

Gari la wagonjwa likamchukua. Mtoto alipona, Mungu mkubwa. Oda hazikupona, na mimi nimerudi kwenye ufagio wangu.

Siku hizi akitokea wa kunipa kazi, namtajia kila kitu hadi chumvi kabla hatujasalimiana vizuri. Mwezi uliopita nilipika kwenye ubatizo mmoja, Mama Neema akaja. Nikamkimbilia, nikamtajia vyote, nikamwonyesha hadi chupa ya mafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, dada. Sina kinyongo na wewe."

Kisha akamfungulia Neema kibakuli cha chakula walichokuja nacho kutoka nyumbani.

Mimi na mapishi ya siri basi tena, naapa. Ila kile kibakuli, jamani, bado nakiona.