Bolti Mbili Kwenye Kahawa

Harufu ya petroli iliyochanganyika na ya kahawa inayokauka juani ndiyo harufu ya Jumamosi za utotoni mwangu. Nyumbani kwetu Igurwa, kati ya mlango wa jikoni na kibanja cha migomba, palikuwa na uwanja mdogo ambapo mama alitandaza mkeka wa kahawa. Pembeni yake Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alitandaza jani la mgomba na kuifungua pikipiki yake, ambayo ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kutufikia sisi. Ufundi hakufundishwa na mtu. Alikuwa na spana tatu na imani kubwa. Kila alipomaliza kufunga na pikipiki ikakubali kuwaka, nilikuta bolti zimebaki kwenye jani, siku nyingine moja, siku nyingine nne. “Waliotengeneza walizidisha,” alisema, nami nilimwamini kabisa, maana nilimpenda mno.

Mama hakuamini. Kiangazi kimoja chote alikwenda kanisani kwa miguu huku mume wake akimpita na pikipiki, na wanawake wenzake wa kwaya wakacheka mpaka wakachoka. Sharti lake alilitoa mbele yetu sote: siku Tata atakapofunga pikipiki bila kubakiza kitu, siku hiyo atapanda. Mimi, binti wa miaka tisa, nikafanywa mkaguzi, kwa sababu nilijulikana kuwa sijui kusema uongo.

Jumamosi moja ikaja habari kutoka Mabira kwamba bibi, mama yake mama, ana homa kali na anamuulizia binti yake. Kwa miguu asingewahi, na pikipiki ilikuwa chini, vipande vipande. Mama aliendelea kugeuza kahawa kwa mikono, machozi yakimdondoka. Tata alifunga haraka kuliko siku zote, akasimama, akalitazama jani. Lilikuwa tupu! Akanigeukia kwa uso wa mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nikapitisha mkono kwenye kahawa pale mama alipokuwa akigeuza, nikagusa vitu viwili vigumu, vyenye joto la jua. Mama alikuwa amezizoa bolti pamoja na kahawa bila kujua.

“Zimebaki ngapi?” mama akauliza.

Nikafumba kiganja. “Hakuna, mama.”

Nilitaka amwone mama yake, na nilitaka Tata ashinde walau siku moja. Lakini kesho yake asubuhi, maana jioni ile giza lilikuwa limekaribia, mama alipokaa upande nyuma yake, kitenge amekikaza, wakapotea kwenye vumbi, nilibaki uwanjani nimezishika zile bolti mbili. Kanisani sikusikia neno hata moja la mahubiri. Nilimwambia Mungu kila kitu, nikamwomba ashike yeye mwenyewe sehemu ile ambayo bolti hazipo, popote ilipo.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, niliwaona wakishuka. Tata alikuwa akisukuma pikipiki. Mama alikuwa ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye kiti akisaidia kusukuma, na kichwani, juu ya ngata ya majani makavu ya migomba, amebeba bomba la moshi kama mkungu wa ndizi. Lilidondoka wakiwa wamebakiza vilima viwili, na Tata akaona aibu kupita mbele ya kanisa siku ya Jumapili na mngurumo wa pikipiki isiyo na bomba, akaizima. Bibi walimwacha anakunywa uji. Nililia kwa sauti, nikafungua kiganja. Nilijua nastahili fimbo. Mama alizitazama zile bolti, akanitazama mimi, akacheka mpaka Tata akampokea bomba lisianguke.

Kicheko kile nilikielewa nikiwa mtu mzima, nami nilipoolewa. Kwetu mwanamume hutangulia njiani na mkewe hufuata nyuma na mzigo. Vilima vile viwili ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wazazi wangu kutembea sambamba, kwa kuwa pikipiki iliyozimwa haisukumwi mlimani na mtu mmoja. Leo kaka yangu amewanunulia mpya, na fundi wa Kayanga huifunga bila kubakiza hata waya. Mabira wanakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilipokwenda kuwasalimia mwezi uliopita nilimuuliza mama kama sasa anasafiri kwa raha.

“Pikipiki ni nzuri, mwanangu,” akasema. “Ila baba yako nimerudi kumwona mgongo.”