Majira ya Baridi Tuliyoziba Matundu

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote katika nyumba yetu ya mtaa wa Point, mjini Durban, ni ya hita ya maji ikiwaka. Mtu akifungua bomba la maji ya moto, kwanza ilisikika tik-tik-tik, kama ukucha ukigonga sahani, kisha kimya kifupi, kisha moto ukashika wote kwa pamoja na kutoa mvumo uliotikisa vioo vya madirisha. Tuliishi ghorofa ya tatu katika jengo kuukuu karibu na bandari, ambalo rangi yake ilibanduka kwa chumvi ya bahari. Mwenye nyumba alikuwa ameondoa hita ya umeme na kufunga ya gesi jikoni, na hilo jiko lenyewe lilikuwa kibaraza kilichozungushiwa mbao na vioo, kikiungana na chumba pekee tulichokuwa nacho. Tulikuwa wanne: baba, aliyepakua mizigo kwenye ghala moja huko Mobeni, mama, aliyesuka nywele saluni, mimi, niliyekuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Neema, wa miaka minne, ambaye kifua chake kilibana kila baridi ilipoingia.

Mwaka ule baridi ilikuja mapema. Watu husema Durban hakuna baridi, na wenye kuta nzuri labda hawaioni. Kwetu upepo wa kusini uliingia kupitia matundu mawili ya ukuta wa jikoni, moja chini karibu na sakafu na jingine juu karibu na dari, kila moja likiwa na wavu wa chuma wenye ukubwa wa daftari. Hatukujua yaliwekwa ya nini. Baba aliamini kwamba mafundi wa zamani waliyaacha kwa uzembe. Jumapili moja mchana, baada ya usiku mzima wa Neema kukohoa, alivua shati lake la kanisani, akakata katoni ya ndizi kwa kisu cha mkate, akayaziba yote mawili kwa utepe wa kahawia wa kufungia mizigo. Kisha akanyoosha mkono nje ya dirisha na kulivika bomba la moshi la hita kopo la maziwa ya unga alilolitoboa kidogo, maana upepo ulipenda kurudi ndani ya bomba hilo na kuuzima moto. Madirisha nayo akayabana kwa vitambaa. "Sasa mutoto atalala vizuri," alimwambia mama. Na kweli, wiki ile Neema alikohoa kidogo, na mama alimsifu baba mbele ya majirani.

Uchovu ulianza polepole, ukatukuta tumeshauzoea. Mama alikuwa akirudi jioni vidole vimevimba, anaosha vyombo kwa maji ya moto, kisha anaketi na kushika kichwa. Mimi niliamka asubuhi nikiwa mzito kama niliyebeba maji, nikatapika mara mbili njiani kwenda shule, na nilipofika darasani kichwa kikapona chenyewe. Neema akaacha kucheza. Alilala kwenye mkeka, wanasesere wake wamemzunguka, wala hakuwapanga tena. Kliniki walisema ni mafua, wakatupa vidonge. Hakuna aliyeshangaa. Kwa watu wa aina yetu uchovu haukuwa dalili ya kitu. Ulikuwa hali ya maisha. Mama alikuwa amechoka tangu Uvira, kwetu Kongo, akachoka katika kambi ya wakimbizi, akachoka kwenye foleni za vibali, na akiulizwa hali alijibu, "Niko nachoka tu, lakini Mungu iko." Niliona moto wa hita ukigeuka rangi, kutoka bluu hadi manjano, na doa jeusi likipanda ukutani juu yake. Mama alilifuta kila Jumamosi kwa sabuni, nalo likarudi.

Jumamosi ya arusi ya mwimbaji mmoja wa kwaya yetu ndiyo nitakayoieleza kwa kifupi, kwa sababu hata sasa inanichosha. Baba alioga kwanza akatangulia kanisani kupanga viti. Nikaoga mimi. Kisha mama akamweka Neema kwenye beseni pale jikoni, amwoshe nywele bila haraka. Hita iliwaka karibu saa nzima mfululizo. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nikijaribu kufunga kamba za viatu, na vidole vilikataa. Nilisikia kitu kikianguka jikoni. Niliwaza kwamba niende kuona, nikawaza tena jambo lile lile, na sikwenda. Hilo ndilo linalonirudia: halikuwa na maumivu. Nilikuwa nimechoka mno hata kuogopa.

Mlango ulifunguliwa na Mama Chantal, jirani yetu Mrundi, aliyekuja kurudisha pasi. Alisimama kizingitini akanusa, ingawa hapakuwa na harufu. "Mama Furaha, mbona humu hewa iko nzito namna hii?" aliita, akimwita mama kwa jina langu. Mama hakujibu. Mama Chantal alipofika jikoni akamkuta amelala sakafuni, mkono mmoja bado umeshika ukingo wa beseni, na Neema ameegemea humo, macho nusu wazi, maji yakimfika kidevuni. Hakupiga kelele. Alifunga bomba, akamtoa Neema akamlaza koridoni, akarudi kunivuta mimi kwa mkono, kisha akamburuta mama kwa kwapa. Mwisho akarudi kuvunja kioo cha dirisha kwa ile pasi. Baadaye aliwaambia watu kwamba huko kwao aliwahi kuona familia iliyoingiza jiko la makala, yaani makaa, chumbani wakati wa mvua, na kwamba nyuso zetu zilikuwa nyuso zile. Makala sote tuliyajua. Gesi haikuwa na moshi wala majivu, kwa hiyo tulidhani haina neno.

Hospitali tulivishwa barakoa za hewa. Mimi nililala siku moja, Neema mbili, mama sita. Wakati huo mwenye nyumba alimleta fundi, Mtanzania aliyeitwa Saidi, na nilikuwepo baba alipomwonyesha jikoni. Saidi alibandua katoni zile taratibu. "Moto unapumua kama wewe, kaka," alisema. "Tundu la chini linauingizia hewa, la juu linasaidia joto na uchafu kutoka, na bomba lile linautoa moshi nje. Ukiufungia, unakula hewa ya watoto, halafu unawarudishia sumu." Baba aliuliza kwa nini hakuna aliyewaambia. Saidi akatazama ukuta, kisha akasema, "Ilipasa waandike hapa." Baba akaketi kwenye ndoo, katoni zile mapajani.

Mama alirudi nyumbani, lakini ustadi wa vidole vyake haukurudi wote. Alikuwa akianza mstari wa nywele na katikati anasahau anaelekea wapi, na wateja wakahamia kwa wengine. Aliishia kufagia saluni ile ile aliyokuwa akisukia. Jioni moja baba alianza kumwomba msamaha, naye akamkatiza. "Ulikuwa unatafutia watoto joto," alisema. "Wacha. Nikikuchukia nitachoka zaidi." Sikumbuki wakilizungumzia tena, hadi mama alipofariki akiwa mzee, kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Leo mimi ni mama wa watoto wawili, na nina nyumba yenye kuta nzuri. Umeme ulipokuwa ukikatika kila mara, nami nilifunga hita ya gesi. Fundi aliyekuja alipima, akanipa cheti, akafunga na kengele ndogo inayolia hewa ikichafuka, vyote kwa nusu siku. Nilimuuliza maswali mengi hata akadhani mimi ni mkaguzi. Sikumweleza. Yote aliyofanya yalikuwa mambo madogo: matundu mawili, bomba, karatasi moja yenye sahihi. Nikirudi kazini nimechoka, bado nasimama mlangoni na kujiuliza uchovu huu ni wa namna gani, na watoto wangu wanacheka, kwa sababu wao hawajawahi kulazimika kuuliza.

Mwezi uliopita baba alikuja kututembelea. Sasa anatembea kwa fimbo. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akainama kwa shida mpaka tundu la chini, akaweka kiganja mbele ya wavu, akakaa hivyo muda mrefu nami nikiwa nyuma yake sijui nimshike au nimwache.

"Inapita," alisema.