Njiwa Wasisikie

Jumamosi moja, kwa fundi seremala hapa Kilosa, niliwakuta mume na mke wakiagiza banda la njiwa. Mume amepunguzwa kazini kule reli, sasa anataka kufuga. Njiwa wake wa kwanza walihamia kwa jirani.

"Mlango utazame barabarani," alisema mume.

"Ili paka wa mtaa mzima wawaone?" mke akadakia. "Utazame jikoni."

"Jikoni kuna moshi!"

"Moshi umeujulia wapi wewe? Jikoni umeanza kuingia lini?"

Fundi akaweka randa chini. "Jamani, njiwa hawakai kwenye nyumba ya ugomvi. Hapo hata nipige misumari vipi, sitawasaidia."

"Nani anagombana?" wakajibu wote wawili kwa pamoja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana asubuhi ile.

Juzi nimewakuta tena, njia ya stesheni. Mke anarusha mikono, mume kidole kiko juu. Nikawasalimia, nikauliza kulikoni.

"Salama tu," mume akasema kwa upole. "Njiwa wametulia kabisa. Tukitaka kugombana tunakuja huku, wasisikie."

Nami natamani kufuga njiwa. Ila kwangu na stesheni ni mbali.