Jirani Anayepima Jeti

"Tonton, unajua namna gani hii chembe iko ya jeti, haiko ya fujo?" Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sekondari nilipomuuliza hivyo jirani yetu, assistant wa fizikia chuoni, nikionyesha kompyuta yake. "Toka pale, uko unazibia paneli yangu jua!" Jibu ndilo hilo. Paneli yenyewe anaihamisha uwanjani kutwa nzima, kompyuta kwapani, akisonya: "Mais kweli!" Huko Ulaya wanagonganisha viini vya atomi za madini ya risasi, chembe zinatapakaa kila upande, na ndani ya fujo hiyo kuna fungu linaloruka pamoja. Hilo ndilo jeti. Yeye, kwa data wanazomtumia, anapima nguvu ya jeti: anakadiria fujo ya kando, anaipunguza, kinachobaki ni jeti. Anabonyeza vitufe kama anafukuza kuku. Mama yangu akimwita kwenye kisamvu, "Papa, kuya ukule pondu," anajibu, "Fujo haipumzikake, mama."

Juzi, profesa wake alikuwa anangoja grafu za jirani ili amruhusu kutetea thèse yake ya udaktari. Nikiwa nafua, nikasikia kofi: amejipiga mwenyewe pajini. Wakati wa kukadiria fujo alisahau kuweka jeti pembeni, nayo ikahesabiwa kama fujo; basi alikuwa anapunguza jeti kwa jeti. "Zote mubaya! Zote!" Akafuta kila grafu, akamwandikia profesa kwamba hayuko tayari. Nilijikaza nisicheke wala nisilie. Ndipo akaniona. "Wewe, ile swali yako ya zamani. Chembe moja-moja, sijui. Hakuna mutu anajua. Tunakadiria tu fujo iko kiasi gani. Na hata ile, mimi nilikosea."