Kuku Niliyoipeleka kwa Jije

Wacha niseme mwenyewe kabla Asha muuza mafuta hajawafikia, maana yeye akisimulia anaongeza chumvi mpaka chakula hakiliki: ndiyo, ile koko, bibi muzee, iliyoingiza kuku ndani ya tribinali ya Kasongo, pale wanapokata kesi, ni mimi, Veronika binti Kalonda, mujane wa Yohani, mama wa watoto saba, na siku ile sikuwa nimelewa wala kuugua, akili zangu zote zilikuwa mahali pake. (Marehemu mama angekuwepo angejifunika kitenge usoni akaenda kwao.) Mupaka leo nikipita sokoni wanawake wananiuliza, "Koko, leo unamushitaki nani, jogoo?" na mimi ninacheka nao, kwa sababu aibu ukiikimbia inakufuata mpaka kitandani.

Mujukuu wangu Anjelani iko avoka. Anasimama upande wa wale wanaoshitakiwa, na mimi mwanzoni sikuipenda kazi hiyo, nikamuuliza siku moja tukitwanga majani ya muhogo ya sombe, "Anjelani, masomo yote yale, halafu unawasimamia wezi?"

"Koko, sisimamii wizi. Ninasimama karibu na mutu mpaka tujue kama ni yeye."

"Na kama ni yeye?"

"Ninasimama palepale, asipigwe kupita kosa lake."

Akaniambia mule gerezani kuna watu wanangoja jije awakatie kesi kwa muda murefu mpaka karatasi za dosie zao zimeliwa na mende, na kuna mumoja ambaye ukimuuliza alifungwa kwa kosa gani anakuambia waulize wao, mimi nimesahau. Nikamuuliza kama hachoki. Akasema, "Ninachoka sana. Halafu siku moja mumoja anatoka kwenye mulango ule, anasimama juani hajui aanze na muguu gani, na uchovu wangu unaisha palepale." Tangu siku hiyo sikumuuliza tena habari za wezi.

Sasa, kati ya waliokuwa mule ndani kulikuwa na Bilali, fundi baiskeli wa kwetu Lusangi, mutoto wa rafiki yangu Zaina, Mungu amurehemu. Walisema alichukua pikipiki ya Ramazani, mufanyabiashara, kule mbali Wamaza, muchana kweupe. Miezi minane Bilali alikuwa ndani, muke wake Furaha anatembea na chakula kila juma, na avoka wake alikuwa Anjelani yuleyule anayelala nyumbani kwangu akija Lusangi. Lakini ukimugusa juu ya kesi anafunga mudomo. "Siri ya kazi, Koko." Hata siku ambayo ile pikipiki ilipotea sikuijua. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba Alhamisi Bilali atasimama mbele ya jije.

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mudogo.

Kwetu, mutu akipeleka neno lake kwa chifu hendi mikono mitupu. Anabeba kuku. Anayeshitaki anabeba yake, anayeshitakiwa anabeba yake, zinafungwa pamoja pale uani, na hiyo ndiyo inafungua kinywa cha wazee. Si kununua mutu, maana wote wawili wameleta, ni heshima. Yohani wangu alikuwa anasema mikono mitupu mbele ya wakubwa ni tusi. Basi nikajiambia, huyu Anjelani amesomea Kindu na Kisangani, mambo haya yamemutoka kichwani, na Bilali atasimama pale bila kuku kama mutu asiye na watu wake. Nikaingia kwenye banda nikakamata ile nyekundu, na niliichagua kwa akili zangu: ilikuwa ni kuku ambayo Bilali mwenyewe alinipa kwenye musiba wa dada yangu Monika, Anjelani akiwa safarini, ya kunifuta machozi. Nikaona itamusemea vizuri.

Kamba sikuwa nayo. Nikapasua kipande cha kitenge changu cha zamani, nikafunga miguu, nikaweka kuku ndani ya kikapu, juu nikafunika majani ya muhogo, nikapanda pikipiki ya Saidi Pene. Njia nzima Saidi ananiuliza, "Koko, mbona sombe yako inapumua?" Nikamwambia aangalie mashimo.

Mulangoni pa tribinali alikuwepo polisi anaitwa Longo, kijana wa adabu. Akauliza, "Koko, ndani ya kikapu kuna nini?" Ningesema kuku, angeniambia niiache nje na haya yote yasingekuwepo. Lakini nilisema (mudomo huu) "Ni chakula ya mujukuu wangu avoka." Akanipisha kwa heshima zote, na mimi nikaenda kukaa kwenye benchi ya pili, kikapu katikati ya miguu, nikingoja jije aseme kama chifu anavyosema, "Nani ameleta nini?" nipeleke mbele.

Jije hakusema hivyo. Jije Lukusa, mutu munene mwenye miwani, alisema tusimame, tukasimama, akasema tukae, tukakaa, wakamuingiza Bilali, amekonda mpaka shati inamuzunguka, akaniona akainamisha kichwa. Anjelani alikuwa mbele na joho lake jeusi. Prokirere Dezire, yule anayeshitaki kwa jina la serikali, akaanza kusoma makosa ya Bilali kwa sauti ya kumuamsha maiti, na kila akipumzika, kuku yangu inajibu. Anasema, "Mushitakiwa aliiba," chini ya benchi kwo-kwo. Mara ya kwanza nikakohoa. Mara ya pili nikakohoa tena, mama aliyekaa karibu nami, Feliste wa kwaya, akaninong'oneza, "Pole na kifua, mama." Mara ya tatu nikasukuma kikapu kwa kisigino kuinyamazisha, na kile kitenge cha zamani, kilichooza kama mimi mwenyewe, kikakatika.

Kuku ikatoka na majani ya muhogo kichwani kama bibi arusi. Ikapita katikati ya miguu ya watu, Longo akaruka kuikamata akashika benchi, ikapanda juu ya meza ya karani, karatasi zikaenda huku na huku, na pale pale, juu ya dosie ya Bilali iliyokuwa wazi, ikaacha kile ambacho kuku huacha ikiwa na hofu. Watu walicheka mpaka ukuta ukacheka. Jije akagonga meza.

"Kuku hii ni ya nani?"

Ninyi mungejibu? Mimi nilitazama dari. Nilihesabu hata mabati. Lakini kuku bado ilikuwa na kile kipande cha kitenge muguuni, cha bluu chenye majani ya manjano, na hicho kilikuwa kitenge ambacho ukoo wetu wote tulivaa siku Anjelani alipokula kiapo cha uavoka. Nilimuona anakitazama. Akageuka, akanikuta nina mikono mitupu na kikapu kitupu. Angeweza kunyamaza. Hakuna mutu angejua.

"Bwana Jije," akasema, "iko ya koko yangu."

Prokirere akawaka. Akasema ndiyo hivyo, upande wa utetezi umekuja kumununua jije na kuku, iandikwe, na mutu asiye na kosa hanunui mutu. Nikamuona Bilali amefumba macho, na Furaha muke wake ameweka mukono mudomoni, nikaelewa kwamba ile heshima yangu inamurudisha mutoto wa Zaina ndani, labda kwa miaka. Miguu ikanisimamisha kabla kichwa hakijaamua.

"Baba Jije, nifunge mimi," nikasema. "Anjelani hakujua. Kwetu Lusangi hatuendi kwa mukubwa mikono mitupu, na Ramazani naye alipaswa kuleta yake, mbona sioni ya kwake?" (Watu wakacheka tena, Ramazani akatazama viatu.) "Na si mimi niliyeinunua. Kuku yenyewe ni ya Bilali."

Anjelani akafunika uso na mukono.

"Mumesikia," prokirere akasema. "Mushitakiwa ndiye aliyeituma. Alikupa lini, mama?"

"Kabla hajafungwa. Siku tulipomuzika dada yangu Monika."

"Siku gani hiyo?"

Sasa mimi, kalasi mbili nilizosoma hazikunifundisha tarehe, lakini mutu niliyemuona simusahau. Nikamwambia, "Jumamosi, kesho yake Pentekoste, padri alivaa nyekundu. Jeneza walibeba wanne: mbele Kalume na Musafiri, nyuma Bilali na Tomasi mwalimu wa katekisimu. Bilali alikuja asubuhi pamoja na Hamisi wa mafundi, akachimba kaburi zamu ya pili baada ya Selemani, akala sahani moja na Alimasi, akanipa kuku jua likiwa kichwani, Mwamini na Riziki wakiwa wamekaa kwenye mukeka wangu, na Mwamini akasema imekonda. Akaondoka tukiwa tumemaliza kuimba magharibi. Nikutajie na waliokuja wamechelewa?"

"Inatosha, mama," jije akasema, lakini hakunitazama. Alikuwa anatazama kalenda ya mwaka jana iliyokuwa bado ukutani. Akamwita karani, wakapitisha kidole pamoja. Halafu akachukua dosie, akaipangusa kwa karatasi, akasoma, akarudi kwenye kalenda. Hata kuku, ambayo Longo alikuwa ameishika kwapani, ilinyoosha shingo kutazama.

"Prokirere," akasema pole pole, "pikipiki ilichukuliwa siku hiyo."

Na kutoka Lusangi mpaka Wamaza si mahali pa kwenda na kurudi kabla ugali haujapoa, hasa kwa fundi wa baiskeli asiye na baiskeli yake mwenyewe.

Jije akamuuliza Bilali mbona hakusema. Bilali akasema, "Baba, polisi waliniuliza tarehe fulani ulikuwa wapi. Mimi tarehe siijui, kila siku ninatengeneza baiskeli, nikasema labda nilikuwa kazini. Musiba ninaukumbuka, lakini hakuna aliyeniuliza musiba." Nikamuona Anjelani anaandika neno hilo, anapiga musitari chini yake mara mbili.

Kesi ikasogezwa juma moja. Jije akaniambia kuku irudi bandani kwake, na nikirudia atanifunga kweli, upande mumoja wa mudomo wake ukiwa unacheka. Nje, Anjelani akanipeleka mpaka chini ya kivuli cha ukuta. Nilingoja matusi. Akakaa chini na joho lake, kwenye vumbi, akasema, "Koko, tangu nianze kazi hii ninawarudishia watu mbuzi za kumupelekea jije, ninawarudishia mafuta, mpaka wananiita mwenye kiburi. Na leo koko yangu mwenyewe." Nikasema nisamehe. Akasema, "Nitajie majina yote tena, pole pole," akafungua kalamu.

Juma lililofuata walikuja wote: Kalume, Musafiri, Tomasi na daftari la parokia la maziko, Hamisi, Alimasi, Selemani kwa muguu kwa sababu anaogopa pikipiki, na Mwamini na Riziki ambao waligombana mbele ya jije kama kuku ilikuwa imekonda au haikukonda. Prokirere Dezire aliwasikiliza wote, halafu akasimama mwenyewe, akasema anaomba mutu huyu aachiwe. Sikutegemea litoke mudomoni mwake, na tangu siku hiyo ninamuombea kila Dominika pamoja na watu wangu. Bilali akatoka kwenye ule mulango, akasimama juani, akatazama muguu wa kushoto, akatazama wa kulia. Anjelani alikuwa karibu yangu, akanibana mukono.

Siku hizi akienda gerezani haulizi tarehe kwanza. Anauliza, kulikuwa na musiba gani, mvua gani, nani alikuwa anaoa. Anasema wafungwa watatu wengine wameshatoka kwa njia hiyo, na wenzake wawili wa kazi wameanza kuuliza hivyo hivyo. Haki inakuja na muguu mubovu, anasema, lakini inakuja.

Mimi nimeapa mbele ya picha ya Yohani: kwa chifu nitabeba, kwa jije sitabeba hata yai. Nikienda kumusikiliza Anjelani, Longo ananiona tangu mbali, ananiuliza, "Koko, leo umeleta nini?" Ninasimama mulangoni, ninafungua mikono yote miwili, ninaigeuza aione mbele na nyuma, ndipo ananipisha.